Ng'ombe ana homa, usikimbilie sindano: kutofautisha ndigana, kukojoa damu na nagana kwa wafugaji wa Tanga

Ukikaa nusu saa tu kwenye duka la dawa za mifugo hapa Tanga mjini, hasa masika yakishaanza, utasikia ombi lilelile likirudiwa na kila anayeingia: nipe OTC (antibiotiki ya sindano), ng'ombe ana homa. Muuzaji anauliza ya asilimia 10 au 20, mtu analipa anaondoka mbio kuwahi bandani. Hajaulizwa kama ng'ombe ana tezi, hajaulizwa mkojo una rangi gani, hajaulizwa kama anakula au amesusa. Namwelewa kabisa mfugaji huyo, bwana mifugo yuko mbali na simu yake haipatikani, ng'ombe ndo ada ya watoto na ndo hela ya jikoni, lazima ufanye kitu. Ila kitu chenyewe mara nyingi kinakuwa siyo, na siku 2 za kusubiri OTC ifanye kazi kwenye ugonjwa isiouweza ndo zinazoua ng'ombe.

Huku kwetu pwani homa ya ng'ombe ina sababu nyingi lakini kuna magonjwa 5 ambayo mfugaji anakutana nayo tena na tena: ndigana kali, ndigana baridi, kukojoa damu, maji moyo na nagana. Manne ya kwanza yanaletwa na kupe, la tano linaletwa na mbung'o. Yote yanaanza kwa ng'ombe kusimama pembeni, masikio yameshuka, hataki kula, maziwa yamepungua ghafla, na ukimpima joto unakuta limepita 39.5 wakati kawaida ya ng'ombe mkubwa ni kama 38 mpaka 39.3 hivi. Kwa hiyo siku ya kwanza yanafanana sana. Tofauti ni kwamba kila moja lina mdudu wake ndani ya mwili na kila mdudu ana dawa yake. OTC, yaani oksitetrasaiklini, inatibu vizuri ndigana baridi na inasaidia maji moyo ukiwahi. Kwa ndigana kali iliyokwisha kulipuka haisaidii. Nagana haiigusi kabisa, na kukojoa damu huwezi kuitegemea. Yaani kati ya 5 umegusa 2.

Ndigana kali ndo muuaji mkubwa kwa ng'ombe wa maziwa chotara, kwa hiyo nitakaa hapo muda mrefu kidogo. Inaletwa na kijidudu kinaitwa Theileria parva, na anayekibeba ni kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Huyu kupe katika maisha yake anapanda mnyama mara 3, akiwa mdogo kabisa, akiwa wa kati na akiwa mkubwa, na kila akishiba anadondoka chini kwenye majani, anajibadilisha, anasubiri mnyama mwingine. Kijidudu anakipata hatua moja anakiambukiza hatua inayofuata. Anaweza kusubiri kwenye majani miezi na miezi bila kula chochote, ndo maana unaweza kukata majani sehemu ambayo huoni ng'ombe hata mmoja na bado ukaleta kupe nyumbani.

Hili la majani naomba lieleweke vizuri maana wafugaji wa ndani wengi wanasema "ng'ombe wangu hatoki bandani, kupe watatoka wapi". Wanatoka kwenye mzigo wa majani. Angalia majani ya Tanga mjini yanakatwa wapi: kando ya barabara, kwenye viwanja visivyojengwa, pembezoni mwa mashamba ya mkonge, mabondeni, kote huko ng'ombe wa kienyeji wanapita wanachunga na kudondosha kupe walioshiba. Kijana anakata, anafunga kwenye baiskeli au bodaboda, anakuletea, unamwaga horini majani mabichi kabisa na kupe juu yake. Ukiwa na kieneo chako cha majani ya guatemala au mabingobingo ambacho ng'ombe hawaingii umepunguza hatari kubwa sana. Kama huna, basi majani ya kukata njiani yaanike juani kwanza kabla ya kumpa, haiui kupe wote lakini wengi wanashuka, na usiyaanike mlangoni pa banda, yaanike mbali.

Sasa jambo ambalo likikaa kichwani linabadilisha kila kitu: kupe wa ndigana kali akishauma leo haambukizi leo. Vile vijidudu ndani ya mate yake vinahitaji muda vikomae wakati anaendelea kunyonya, kwa kawaida siku 3 au 4. Ukimuua au kumtoa kabla ya hapo, umeshinda. Ndo sababu maeneo yenye ndigana kali nyingi wanashauri kuogesha mara 2 kwa wiki msimu wa kupe wengi, siyo mara moja kwa mwezi mtu akikumbuka, maana ukiogesha Jumatatu na tena Alhamisi, kupe aliyepanda Jumanne anakufa kabla hajawa na madhara. Ukiogesha kila baada ya wiki 2 unaua kupe kweli, unawaona wamedondoka unafurahi, ila wengi wao walishamaliza kazi yao.

Baada ya kuambukizwa ng'ombe anakaa kama wiki 1 mpaka 3 bila dalili, halafu homa inapanda, inafika 40, 41, hata 42. Dalili ya kuitafuta kwanza ni tezi. Simama ubavuni kwa ng'ombe akiwa ametulia, peleka vidole mbele ya bega pale shingo inapoungana na bega, kandamiza ukipeleka vidole mbele na nyuma. Kwa ng'ombe mzima utahisi kitu kirefu chembamba kinateleza chini ya ngozi, wengine hata hukigusi. Kwa mwenye ndigana kali kinajaa kabisa mkononi, kigumu kidogo, kama umeshika yai la kuku, na mara nyingine unakiona kwa macho kimetuna. Halafu pandisha mkono chini ya sikio, nyuma ya taya, kuna tezi nyingine pale na hiyo ndo huwa inaanza kuvimba kwa sababu kupe walikuwa sikioni. Jizoeshe kuzishika tezi ng'ombe akiwa mzima ili siku akiumwa mkono wako ujue tofauti.

Ikiendelea macho yanatoa machozi, anakohoa, anapumua kwa shida ametoa shingo mbele, mwishoni povu jeupe linatoka puani na mdomoni, maana mapafu yanajaa maji. Ng'ombe akifika kwenye povu uwezekano wa kumwokoa ni mdogo sana hata ukiwa na dawa nzuri. Dawa yake ni buparvakwoni, wengi mnaijua kwa jina la Butalex ingawa siku hizi ziko za majina mengi. Dozi ni mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, inachomwa kwenye msuli wa shingo, na daktari anaweza kuirudia baada ya siku 2 au 3. Piga hesabu, ng'ombe wa kilo 300 anahitaji mililita 15. Ni dawa ghali, kwa hiyo wanachanga wafugaji 2 chupa moja, huyu anachoma 7 yule 7, halafu wote wanasema dawa za siku hizi feki. Feki zipo sokoni, sikatai, ila nusu dozi inaua ng'ombe wengi bila kuhitaji msaada wa dawa feki. Na uzito usikadirie kwa jicho, kuna utepe wa kupima kifua nyuma ya miguu ya mbele, unasoma kilo pale pale, hauna bei kubwa na hata wafugaji 10 wanaweza kununua mmoja wakawa wanaazimana.

Ndigana baridi ni tofauti kabisa. Hapa mdudu, Anaplasma, anakaa kwenye seli nyekundu za damu, mwili wenyewe unaziharibu hizo seli, kwa hiyo ng'ombe anaishiwa damu. Fungua mdomo uangalie ufizi, vuta kope la chini uangalie ndani, kwa ng'ombe jike inua mkia uangalie ndani ya uke. Panatakiwa pawe na wekundu wa kupendeza, kwenye ndigana baridi panakuwa peupe, siku zikienda panageuka njano. Kinyesi kinakuwa kigumu, kikavu, kina utelezi juu, tena hapa ndo watu wanasema ng'ombe "amefunga choo" wanaanza kumnywesha mafuta ya kupikia na chumvi na vitu vingine, wakati choo kugoma ni matokeo ya ugonjwa wenyewe. Mkojo unaweza kuwa wa njano iliyokolea lakini siyo mwekundu. Tezi hazivimbi za kutisha. Ndama huwa inawapitia kidogokidogo, ila ng'ombe wakubwa hasa walioletwa kutoka sehemu zisizo na kupe inawaangusha vibaya. OTC hapa ni dawa sahihi, na dozi ya asilimia 20 inayokaa muda mrefu mwilini inarudiwa baada ya siku 3 daktari akiona inafaa. Ng'ombe aliyeishiwa damu usimkimbize kumfunga na kumwangusha, anaweza kufa kwa kukosa pumzi mikononi mwako, mwendee taratibu.

Halafu kuna jambo la ndigana baridi ambalo halisemwi vya kutosha: haihitaji kupe pekee. Nzi wanaouma wanaihamisha, na sindano inaihamisha. Siku ya chanjo au ya dawa ya minyoo mtaa mzima, sindano moja inatoka kwa ng'ombe huyu inaingia kwa huyu, ng'ombe 20 au 30, damu ya mmoja inapelekwa kwa wote, wiki 3 au 4 baadae homa zinalipuka watu wanasema chanjo imeleta ugonjwa. Chanjo haikuleta, sindano ndo imeleta. Nunua sindano zako mwenyewe, ni hela ndogo sana, mwambie mtaalamu kwa heshima "naomba utumie hizi kwa ng'ombe wangu, kila mmoja na yake". Hakuna mtaalamu mwenye nia njema atakayekasirika. Vifaa vya kukata pembe na kuweka hereni navyo visafishwe kabla ya kuhamia kwa mwingine.

Kukojoa damu ni rahisi zaidi kuitambua kwa sababu mkojo unasema wenyewe, wekundu mpaka rangi ya kahawa. Anayeleta ni kupe wa bluu, yule mdogo anayejazana tumboni, mapajani na kwenye ngozi inayoning'inia shingoni, na huyu hapandi na kushuka kama yule wa kahawia, anakaa kwa ng'ombe mmoja kama wiki 3 tangu mtoto mpaka anashiba, halafu jike linadondoka kutaga mayai kwa maelfu. Ubaya wake ni kwamba jike lenye kijidudu linawarithisha watoto kupitia mayai, kwa hiyo kizazi kinachofuata kinaanguliwa kikiwa tayari na ugonjwa. Dawa ni diminazini, ile ya unga wa njano ya kuchanganya na maji ambayo wengi wanaiita Berenil, au imidokabu. Pakiti ndogo ya gramu 2.36 ni ya ng'ombe wa kilo 300 kwa dozi ya kawaida, inachanganywa na mililita 12.5 za maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Kama ng'ombe wako ana kilo 400 pakiti moja haimtoshi. Zingatia tu kwamba mkojo mwekundu una sababu nyingine pia, kuna mimea yenye sumu inafanya hivyo na kuna bakteria wa figo, kwa hiyo kama hana homa na kupe hawapo, tafuta mtaalamu kabla ya kuchoma chochote.

Maji moyo yanasumbua zaidi mbuzi, kondoo na ng'ombe wa kisasa. Kupe wake ni yule mkubwa mwenye mapambo ya rangi mgongoni, anapenda kwenye kiwele, chini ya mkia na kwenye kwato. Mnyama anakuwa na homa kali halafu anaanza mambo ya ajabu, anazunguka duara, ananyanyua miguu juu akitembea, anatafuna hewa, anaanguka anapiga miguu. Wengine wanakutwa wamekufa asubuhi. Ukimwona mnyama hivyo usimwingize mkono mdomoni, kichaa cha mbwa kinaweza kufanana na hali hiyo, na kichaa hakina tiba kikishaanza dalili, kwa mnyama wala kwa mtu.

Sasa nagana. Kwa wafugaji wa Pangani, upande wa Mkwaja mpaka kushuka Saadani na Bagamoyo, hili ndo la kwanza siyo la mwisho. Pale Mkwaja palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe kwa miaka mingi, mbung'o waliisumbua mno, ng'ombe walikuwa wanaishi kwa sindano za kinga, mwisho ufugaji ukaachwa na eneo lile leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Watu wa Tanga wachache wanajua pia kwamba mbung'o walioimaliza nagana Unguja walifugwa hapa hapa Tanga. Kwenye miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa mbung'o ya Tanga ilikuwa inafuga mbung'o kwa mamilioni, madume yanapigwa mionzi yasiweze kuzalisha, yanapakiwa kwenye ndege yanaenda kuachiwa Unguja. Jike la mbung'o kwa kawaida linapandwa mara moja tu, likipandwa na dume tasa limekwisha. Madume zaidi ya milioni 8 yaliachiwa na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o. Ilifaulu kwa sababu Unguja ni kisiwa, mbung'o wapya hawawezi kuruka kutoka bara. Huku bara pori linaungana na pori, kwa hiyo tunabaki na kujikinga.

Nagana haiui haraka kama ndigana kali, inakausha. Ng'ombe anakula vizuri ila anakonda, manyoya yanasimama, homa inakuja inapotea inarudi, ufizi unapauka, mwenye mimba anatupa. Kwa sababu ni ya polepole watu wanadhani ni minyoo, wanamnywesha dawa ya minyoo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kama uko karibu na pori na ng'ombe anakonda huku anakula, pima damu. Tiba ni diminazini, na kinga ni aisometamidiamu ambayo inalinda kama miezi 2 mpaka 4 kutegemea na wingi wa mbung'o. Hizi dawa mbili zinatumika kwa kupokezana kwa sababu vimelea vinajifunza, ukitumia moja miaka yote kwa dozi pungufu unavifundisha kuishi nayo. Mbung'o wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndo maana mitego yake ni ya vitambaa vya rangi hizo vilivyochovywa dawa, ukivikuta porini usivitoe kwenda kushona pazia, vinalinda ng'ombe wa kijiji kizima.

Tukirudi kwenye kuogesha, kuna uchaguzi ambao watu wa pwani ya kusini ya Tanga wanaupuuza. Dawa za kuogesha ziko za aina kadhaa, amitrazi ni aina moja, pairethroidi kama saipamethrini na deltamethrini ni aina nyingine, na zile za oganofosfeti ni nyingine tena. Amitrazi inaua kupe vizuri lakini mbung'o haimshughulishi. Pairethroidi inaua vyote viwili, mbung'o akitua kwa ng'ombe aliyepakwa anakufa. Kwa hiyo wa Pangani na wa Tanga mjini si lazima mnunue dawa moja. Soma jina la kiambato hai kwenye kibandiko, siyo jina kubwa la mbele, maana chupa 3 za majina tofauti zinaweza kuwa na dawa ileile na mtu akidhani amebadilisha kumbe yupo palepale. Na mwenye punda asimguse na amitrazi, wanyama jamii ya farasi inawadhuru.

Uchanganyaji fuata kibandiko kama ulivyo, pima kwa bomba la sindano, siyo kwa kifuniko cha soda. Dawa ikiwa nyepesi kupe wanyonge wanakufa wenye nguvu wanabaki na hao ndo wanazaana, baada ya muda josho zima la kijiji halifanyi kazi. Na wingi wa maji nao ni tatizo kubwa, ng'ombe mkubwa anatakiwa apate kama lita 10 hivi alowe mpaka kwenye ngozi, lakini utakuta mtu ana pampu ya mgongoni ya lita 15 ameogesha ng'ombe 6. Manyoya yanalowa juu, ngozi kavu. Elekeza bomba kinyume na manyoya, uanze mgongoni ushuke ubavuni, tumbo, kiwele, katikati ya mapaja, chini ya mkia inua kabisa mkia, katikati ya kwato, na masikio ndani, kwenye masikio wengine wanapaka kwa brashi ndogo au kwa mafuta ya kupe. Ukiacha masikio umeacha makao makuu ya kupe wa ndigana kali. Fanya asubuhi kukiwa hakuna dalili ya mvua, ng'ombe awe ameshakunywa maji asije akalamba dawa kwa kiu, wewe vaa glavu na usimame upande upepo unakotoka, hizi ni sumu na wewe pia una ngozi.

Kuhusu kupima. Kabla ya dawa yoyote mwombe mtaalamu achukue damu, ukishachoma dawa ndo unaenda kupima unakuwa umeshafuta ushahidi. Ni kazi ya dakika chache: ncha ya sikio inasafishwa, inachomwa kidogo, tone moja linawekwa kwenye kipande cha kioo, linasukumwa kwa kioo kingine likatandazwa jembamba, linaachwa likauke hewani bila kuanikwa juani, na lisiachwe wazi kwa nzi maana wanakula damu yote kioo kinabaki kitupu. Kwa ndigana kali wanachoma tezi na kunyonya majimaji kidogo, wanayaweka kwenye kioo vilevile. Tanga tuna bahati, maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, ipo hapa hapa, kioo kinaenda hata kwa bodaboda.

Maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa ni suala jingine na hapa nasema kwa uchungu. Kila dawa ina siku zake za kusubiri, zimeandikwa kwenye kibandiko, ndani ya siku hizo maziwa hayauzwi wala hayanywewi na mtoto. Tanga yetu inaishi kwa maziwa, yanakusanywa vituoni kutoka kwa mamia ya wafugaji wadogo yanaenda kiwandani Tanga Fresh na kwingine, na ndoo moja yenye OTC inaingia kwenye tangi moja na maziwa safi ya watu wengine wote. Mtindi hauwezi kuganda vizuri kwa sababu dawa inaua bakteria wanaougandisha. Na mtu anayekunywa kila siku mabaki ya dawa, bakteria wa mwilini mwake wanaweza kujenga usugu. Hasara ya siku chache inauma, najua, lakini anayekunywa hayo maziwa ni jirani yako.

Kuna magonjwa mengine nitayapitia haraka tu kwa sababu hatari yake ni ya aina nyingine. Ng'ombe akifa ghafla na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, usimchune, usimpasue, usigawe nyama, hiyo inaweza kuwa kimeta na inaua watu. Hata mbegu zake zikimwagika ardhini zinakaa miaka mingi sana. Ripoti, azikwe shimo refu au achomwe. Ndama mnene wa miezi 6 mpaka miaka 2 anayechechemea ghafla na ukishika paja linalia chini ya ngozi kama lina hewa, hiyo ni chambavu. Yote mawili yana chanjo ya kila mwaka na chanjo inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha. Ng'ombe anayetupa mimba usishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na maziwa chemsha siku zote.

Namalizia na chanjo ya ndigana kali, kwa sababu ipo na wafugaji wengi wa Tanga bado hawaitumii. Ilitokana na utafiti uliofanyika Muguga, Kenya, miaka ya 1970, na wafugaji wa kaskazini kwa maana ya Manyara na Arusha wameitumia sana. Inavyofanya kazi inashangaza kidogo: ndama anachomwa vijidudu hai vya ndigana kali vyenyewe na hapo hapo anachomwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu, mwili unapata ugonjwa mdogo uliodhibitiwa unajenga kinga ya miaka mingi, mara nyingi ya maisha. Hapo ndo unaona OTC inasaidia ndigana kali kama itaingia siku ileile vijidudu vinapoingia, siyo wiki 2 baadae homa ikishafika 41. Kwa kuwa ni vijidudu hai inahifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi kali sana, ikishayeyushwa inatakiwa itumike ndani ya saa chache, kwa hiyo mtaalamu hawezi kuja kwa ndama mmoja. Mkijikusanya wafugaji wa mtaa, au kupitia ushirika wenu wa maziwa, mkafikisha ndama wa kutosha, inawezekana. Anayechanjwa anavishwa hereni sikioni, ukinunua mtamba mwenye hereni hiyo muulize mwenyewe cheti.

Chanjo hiyo ni ya ndigana kali peke yake, haizuii ndigana baridi wala kukojoa damu, kwa hiyo kuogesha kunaendelea ila unaweza kupunguza mara kwa ushauri wa mtaalamu wako. Na kwa anayepanga kununua mtamba kutoka milimani au kwenye shamba la kisasa ambako kupe hawajulikani, kwamba ni mzuri, ana kiwele cha kuahidi, bei nafuu: huyo hana kinga yoyote ya huku kwetu. Ng'ombe wa kienyeji wa jirani yako anaonekana haumwi kwa sababu alishaumwa kidogo akiwa ndama akapona akabaki na kinga. Mtamba wako akifika Pongwe au Muheza na kupe wa kwanza akapanda, ni mwili usiojua chochote. Mchanje huko huko kwao kama huduma ipo na akae wiki kadhaa kabla ya safari, na akifika mtenge na wenzake, muogeshe siku ileile, halafu mpime joto kila asubuhi kwa mwezi wa kwanza mzima uwe unaandika kwenye daftari.